Kifuta Machozi

Tembo wakishapita shambani usiku, asubuhi inayofuata huwa ya kuhesabu. Katika vijiji vya wilaya ya Serengeti vilivyo jirani na hifadhi, kama Robanda, Bonchugu na Park Nyigoti, mwenye shamba humtafuta mtendaji wa kijiji, taarifa ikapelekwa Mugumu, na afisa wanyamapori akifika wote huingia pamoja katika mahindi yaliyolala. Hupima ekari zilizoharibiwa. Huangalia umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Mwenye shamba husimulia zaidi ya anavyoulizwa: hapa palikuwa na mtama wa mama, pale mihogo ya kuvushia miezi ya njaa, na usiku kucha alikuwa macho akipiga debe na kumulika tochi mpaka betri zikafa. Afisa husikiliza, kisha huandika namba, maana namba ndizo zitakazosomwa huko mbele.

Malipo yanayoweza kutoka baada ya hapo yana majina mawili ambayo nimeyawaza kwa muda mrefu. Kwa mazao yaliyoliwa au kukanyagwa, Serikali hutoa kifuta jasho. Kwa mtu aliyeuawa au kujeruhiwa na mnyama, hutoa kifuta machozi. Haya ni majina ya kiserikali kabisa, yametokana na kanuni za mwaka 2011 zilizotungwa kwa mujibu wa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Kwa viwango vya kanuni hizo, ekari ya mazao ilipata kati ya shilingi 25,000 na 100,000, kutegemea shamba liko mbali kiasi gani na hifadhi, na ekari zilizozidi tano hazikuhesabiwa. Shamba lililokuwa ndani ya mita 500 kutoka mpakani halikupata kitu. Familia ya aliyeuawa ilipata shilingi 1,000,000.

Siandiki kwamba uhai wa mtu ulithaminiwa shilingi milioni moja, kwa sababu kanuni hazikusema hivyo, na hapo ndipo fikra yangu inapoanzia. Kanuni zilisema fedha hizo ni za kuliwaza. Hazikudai kuwa sawa na kilichopotea. Neno lenyewe limetolewa msibani, mahali ambapo sote tumekaa chini kwenye mkeka na kumwona mtu akimfuta mwenzake uso kwa upindo wa khanga. Anayefuta machozi haahidi kumrudisha marehemu. Hasemi hata kwamba machozi hayatatoka tena. Ni kazi ndogo yenye ukweli, na mara nyingi nimefikiri kwamba katika maneno yote ambayo dola imewahi kuyatumia mbele ya mtu aliyepoteza, hili ndilo lenye uongo mdogo kuliko yote.

Lakini sheria haikulichagua kwa upole tu. Fidia ni deni. Anayedaiwa fidia anaweza kufikishwa mahakamani, akaulizwa kwa nini hajalipa, akaambiwa kiasi hakitoshi. Pole haidaiwi. Wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba yetu. Mtalii akilipia kumwona tembo hifadhini Kogatende, mwenye tembo anajulikana na stakabadhi inatoka. Tembo huyo huyo akiua mtu njiani, mwenye tembo anakuja kama jirani mwema aliyesikia msiba. Kwa hiyo neno hili lililo la kweli kuliko mengine ndilo pia mlango wa kutokea. Kwa miaka nimejaribu kuvitenganisha vitu hivi viwili ndani yake, ukweli na kukwepa, na vinakataa kuachana.

Waingereza wana neno lao kwa jambo hili, "redress", na safari ya neno hilo inanisaidia kuona ni nini kimetupata. Lilitoka Kifaransa likaingia Kiingereza katika karne ya 14. Mzizi wake ni wa Kilatini, wenye maana ya kitu kilichonyooka, na silabi ya mbele inasema "tena". Mwanzoni lilikuwa neno la mikono. Kilichoanguka kiliinuliwa kikasimama wima, kilichopinda kikanyooshwa. Kwa Kifaransa hadi leo mtu aliyejikunja kitini hukaa wima kwa kitenzi hicho hicho.

Baadaye lilipanda kutoka kwenye vitu likaingia katika mambo ya watu. Kilichopinda kikawa hukumu, kodi, mfalme aliyevuka mipaka yake. Hati ya Haki ya Uingereza ya mwaka 1689 ilisema Bunge likutane mara kwa mara ili malalamiko yapate kurekebishwa, na neno lililotumika ni hili. Wamarekani nao wakaliweka katika marekebisho ya kwanza ya Katiba yao, yaliyoidhinishwa 1791: haki ya wananchi kuiomba Serikali iwanyooshee walichodhulumiwa. Hapo bado unasikia kunyoosha. Anayeomba anataka utawala wenyewe usimame wima.

Kisha, hasa mahakamani, likahama tena, taratibu, mpaka hakuna aliyeona siku lilipohama. Kisichoweza kusimamishwa kikaanza kulipiwa. Mkono hauwezi kurudishwa, basi una bei. Mwingereza wa leo akilitamka, ndani yake anasikia zaidi neno la mavazi, ambalo limezaliwa tumbo moja nalo, kuliko kunyooka. Anayedai leo huulizwa kwanza anataka kiasi gani.

Hatuna sababu ya kuwashangaa, kwa maana neno letu limepita njia ile ile. Fidia tuliipata kwa Waarabu, na kitenzi chake cha zamani, kufidi, maana yake ni kukomboa. Aliyetekwa alifidiwa: mali ilikwenda upande ule, mtu akarudi upande huu kwa miguu yake mwenyewe. Waislamu wanaijua katika mfungo, kwamba asiyeweza kufunga hulisha maskini. Na katika kisa cha Nabii Ibrahimu, ambacho Wakristo nao wanacho, mnyama alichinjwa na mtoto akashuka mlimani pamoja na baba yake. Fidia ilikuwa neno la kurudi. Ulitoa mali kwa sababu uliyempenda angeonekana tena mlangoni.

Sasa nenda Nyamongo uulize nani amelipwa fidia. Utaonyeshwa watu wengi. Uliza kilichorudi.

Nyamongo iko wilaya ya Tarime, juu ya bonde la Mto Mara, katika nchi ya Wakurya. Watu walichimba dhahabu hapo kwa sururu na karai kabla ya kampuni kubwa kufika. Uzalishaji wa mgodi wa North Mara ulianza 2002, na tangu hapo mwenye mgodi amebadilika mara kadhaa: kampuni iliyokuwa na asili ya Australia, kisha Placer Dome ya Kanada, kisha Barrick mwaka 2006, kisha African Barrick Gold iliyouza hisa zake London, ambayo ikaitwa Acacia, kisha Barrick tena mwaka 2019, safari hii Serikali ya Tanzania ikiwa na asilimia 16. Mashimo yamebaki na majina ya mahali pale: Nyabirama, Nyabigena, Gokona. Kewanja, Nyangoto, Genkuru na Matongo ni vijiji vilivyojikuta vikiishi pembeni ya mashimo hayo, na kila shimo lilipopanuka, mthamini alifika.

Kazi ya mthamini ina lugha yake, nami naomba msomaji aisikilize. Kuna thamani ya ardhi. Kuna thamani ya majengo, ambamo bati lina bei yake na udongo una bei yake. Kuna mazao na miti, kila mmoja na umri wake. Kuna posho ya usafiri. Kuna posho ya makazi. Na kuna posho ya usumbufu.

Usumbufu. Mzee aliyezaliwa katika boma lile, aliyeoa hapo, aliyezika hapo, akiambiwa aondoke, sheria inakadiria usumbufu wake kwa asilimia ya thamani ya mali yake, kama vile amecheleweshwa na basi. Aliyelitunga neno hilo katika lugha ya uthamini hakuwa na ubaya, naamini. Alitafuta neno la kubeba kila kitu kisichohesabika, na akaokota lililokuwa karibu. Lakini kila nikilisoma katika karatasi za uthamini nasikia jinsi hesabu inavyonyamaza ghafla mahali ambapo ilipaswa kusema zaidi.

Wakurya huzika nyumbani. Kaburi la baba liko pale mtoto anapoweza kuliona akitoka kukamua, na watu hukaa karibu nalo bila hofu. Kwa hiyo mthamini anayeingia katika boma la Nyamongo hukuta makaburi katikati ya vitu vya kuhesabiwa. Tanzania ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu 1969. Inaeleza taarifa itolewe vipi, mabaki yahamishwe vipi kwa heshima, gharama ibebwe na nani. Ni sheria yenye adabu kwa namna yake. Mifupa inaweza kuhamishwa na kuzikwa tena ikitazama upande ule ule. Kinachoshindikana kuhamishwa ni sababu ya mtu kuzikwa pale: kwamba alilima hapo, kwamba mtoto wake angelima hapo, kwamba kaburi lilikuwa ushahidi kuwa ukoo haupiti tu. Katika nchi ambayo mipaka mingi ya mashamba haikuwa na hati, kaburi ndilo lililokuwa hati.

Na hapo Nyamongo kumetokea neno jingine, chungu kuliko yote. Tegesha. Mtu akisikia mgodi utapanuka kuelekea upande fulani, hukimbilia huko kabla ya mthamini. Hujenga nyumba ya haraka, kuta zisizokaa sawa, bati juu, hakuna jiko, hakuna choo. Hupanda miti iliyobanana ambayo hakuna anayeitarajia kuzaa. Anategesha, kama anayetega mtego, akisubiri fidia. Mawaziri waliofika Nyamongo wamewakemea wategeshaji, kampuni imekataa kuwalipa, mahesabu yamerudiwa, na wale waliokuwa na nyumba za kweli wamecheleweshwa kwa sababu ya zile za uongo. Yote hayo yanajulikana.

Mimi tegesha hainipi hasira. Inaniumiza. Nyumba iliyojengwa ili ibomolewe ni nyumba ya mtu aliyekwisha kufundishwa na miaka kwamba kitu kina thamani siku kinapovunjwa. Baba yake alipanda mwembe ili ale maembe, akalipwa bei ya mwembe. Mwana akaelewa somo: akapanda bei. Ardhi iliyokuwa ikizaa mtama ikaanza kuzaa hasara, na hasara ikawa zao la kuvuna. Tunapolaumu ujanja wa mtegeshaji, na ujanja upo, tukumbuke kwamba kabla yake kuna kitu kilichokwisha kufa ndani yake, kile kinachomfanya mtu ajenge akifikiria wajukuu. Hicho hakimo katika fomu yoyote ya uthamini, hata katika safu ya usumbufu.

Maji nayo. Mei 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini yakaingia Mto Tigithe, unaomwaga maji yake Mto Mara. Miaka kumi baadaye, Mei 2019, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilitoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la tope sumu. Faini ni adhabu halali, nami nafurahi ilitozwa. Ila njia ya faini haipiti kwa aliyenywesha ng'ombe mtoni. Inaondoka mgodini inaingia Serikalini, na mwenye ng'ombe anaisikia redioni.

Mwaka 2011 unanikaa moyoni kwa tarehe mbili. Tarehe 16 Mei umati uliingia mgodini North Mara kutafuta mawe yenye dhahabu. Polisi walifyatua risasi, na watu watano waliripotiwa kuuawa. Mwishoni mwa mwezi huo huo Barrick yenyewe ilitangaza kwamba imepokea tuhuma za wanawake kudhalilishwa kingono na walinzi na polisi mgodini hapo. Na tarehe 16 Juni, mwezi mmoja kamili baada ya risasi, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa mjini Geneva liliridhia Kanuni Elekezi kuhusu Biashara na Haki za Binadamu, zilizoandaliwa na profesa John Ruggie. Kanuni hizo zina nguzo tatu: dola ilinde, kampuni iheshimu, na aliyeumizwa apate nafuu. Kiingereza cha nguzo ya tatu kinatumia neno lililotokana na uganga, "remedy", lenye ukoo mmoja na lile la dawa. Waliokaa Geneva siku hiyo hawakuwa wakiizungumzia Nyamongo. Tarehe zimekutana tu. Lakini ukizisoma pamoja unaona neno la dawa likitangazwa duniani huku matanga ya Nyamongo hayajapita siku arobaini.

Nguzo hiyo ya tatu ilizipa kampuni wazo la kuwa na madawati yao ya malalamiko, ili mtu asilazimike kwenda mahakamani. North Mara dawati likawapo. Mashirika mawili, RAID la Uingereza na MiningWatch la Kanada, yaliandika kwamba waliopokea malipo walitakiwa kutia sahihi kuwa hawataishtaki kampuni, na Acacia baadaye iliuandika upya utaratibu wake. Mimi nashindwa kuipita ile sahihi. Mfiwa anapokea kitu, kisha anaahidi kunyamaza. Katika mila zetu zote nizijuazo, anayekuletea rambirambi hakudai ahadi. Unaandika jina lake kwenye daftari la msiba ili nawe siku moja umwendee. Daftari lile linaendeleza udugu, na karatasi hii inaufunga mjadala.

Baadhi ya familia zilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2013 kesi yao ilifunguliwa London dhidi ya African Barrick Gold na mgodi wake, kupitia mawakili wa Leigh Day, na Februari 2015 iliisha kwa mapatano nje ya mahakama. Mapatano ni kitu kizuri kwa mjane mwenye watoto shuleni, asidharau mtu aliyeko nje. Hata hivyo mapatano yana upungufu wake wa asili: hakuna jaji anayesimama akasema hiki ndicho kilichotendeka. Novemba 2022 wengine wakafungua kesi Ontario, Kanada, dhidi ya Barrick. Novemba 2024 mahakama ya huko ikaamua kwamba shauri hilo si la kusikilizwa Kanada. Jaji alizungumza kuhusu mahali pa kesi. Kuhusu risasi, shauri halikufika.

Kando ya kesi hizo naweka nyingine ya mawakili wale wale. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza wakati ule, William Hague, alisimama Bungeni akatangaza kwamba Uingereza itawalipa wazee wa Kenya 5,228 walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau. Jumla, pamoja na gharama za kesi, ilikuwa pauni milioni 19.9. Kila mmoja alipata kiasi kidogo. Tena Waziri alisema Serikali yake haikubali kubeba dhima kisheria. Lakini alisema pia, kwa sauti, mbele ya Bunge lake, kwamba Wakenya waliteswa na kutendewa vibaya na utawala wa kikoloni, na kwamba Uingereza inajuta. Na katika mapatano hayo kulikuwa na mnara, uliozinduliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015. Unasimama wima. Wazee waliokwenda kuuona hawakupata ujana wao. Walichokipata ni kwamba jambo walilolisema kwa miaka hamsini, wakaitwa waongo kwa miaka hamsini, sasa lilisemwa na yule aliyekuwa akilikana. Hicho ndicho kidogo kilichobaki duniani cha maana ya kwanza ya neno lile la Kiingereza, "redress".

Wilaya ya Serengeti ina kesi yake ambayo vijana wengi hawaijui, na inapaswa kufundishwa. Oktoba 2001 wakazi wa Nyamuma, jirani na Pori la Akiba la Ikorongo lililotangazwa 1994, waliondolewa na nyumba zao kuchomwa moto. Watu 135 walipeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyokuwa bado changa, dhidi ya viongozi wa wilaya na wa polisi. Desemba 2004 Tume ilikubaliana nao kwamba haki zao zilivunjwa, ikapendekeza walipwe fidia. Serikali haikutekeleza. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikaenda Mahakama Kuu kuomba mapendekezo hayo yakaziwe, Mahakama Kuu ikasema haina uwezo huo, na Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya mwaka 2006, ikatengua: mapendekezo ya Tume yanaweza kukaziwa na mahakama.

Ukiwa mwanasheria, huo ni ushindi mkubwa. Ukiwa mtu wa Nyamuma, umehesabu miaka. Aliyekuwa na umri wa kujenga mwaka 2001 alikuwa ameanza kuchoka. Nyumba iliyochomwa ingekuwa imeshaezuliwa na kuezekwa upya, mtoto aliyebebwa mgongoni siku ya moto alikuwa darasani. Kuna hasara inayotokea siku moja, na kuna inayoendelea kutokea kila mwaka ambao jibu halijaja, na hiyo ya pili haiandikwi popote.

Mikutano ya suluhu katika mkoa wetu wa Mara hupenda methali moja. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kiongozi huisema akiwa amesimama, mikono imefunguka, na watu hupiga makofi kwa sababu wamechoka. Naijua faida yake: kati ya koo zilizochinjana kwa ajili ya ng'ombe na ardhi, kuna wakati kuhesabu maiti upya ni kuwasha moto upya, na kuna wazee wa Tarime waliolala njaa wakizuia vijana wasilipize. Kwao methali hiyo ni silaha ya amani. Lakini inapotoka kinywani mwa mwenye nguvu akimwambia asiye na nguvu, naikataa. Mguu uliovunjika ukaungwa vibaya ni wa jana, na unauma leo kila mvua ikikaribia. Yaliyopita ni ndwele. Yanaweza yasipone, ila yanauma, na anayeumwa ana haki ya kusema ni wapi.

Wakurya wana iritongo, mkutano wa jamii wa kukaa hadharani na kulisema kosa mbele ya watu. Sitaki kuupamba. Umewahi kutumika kwa ukali, na wanawake hawakupewa nafasi sawa ndani yake. Hata hivyo una jambo moja ambalo dawati la malalamiko halina wala sahihi ya siri haina: aliyetenda anakaa mahali ambapo aliyetendewa anamwona uso. Jambo linasemwa kwa sauti, na wasikilizaji wanaondoka nalo majumbani mwao. Ng'ombe wakitolewa baada ya hapo, kila mtu anajua wametolewa kwa nini.

Nimefika mahali pa kukubali kwamba waliokufa Nyamongo na waliouawa na tembo njiani hawatasimama, na kwamba yeyote anayeahidi kunyoosha hilo anatudanganya. Kwa hiyo neno letu dogo la msibani, kifuta machozi, sitaki lifutwe katika kanuni. Nataka lilipiwe gharama yake. Fedha ipokewe, kwa sababu kuna ada za shule na bati limetoboka, na anayemcheka mjane kwa kuipokea hajawahi kupika ugali wa mwisho wa debe. Iongezwe pia, kila bei zinapopanda, wala ile familia yenye shamba ndani ya mita 500 isiachwe nje kana kwamba hasara hupimwa kwa utepe. Lakini pamoja na fedha itolewe karatasi ya pili, ya Serikali au ya kampuni, inayoeleza kwa Kiswahili cha kueleweka kilichotokea: tarehe, saa, mahali, alikuwa akienda wapi, mnyama gani au silaha ya nani, nani aliitwa na alifika lini. Jina la marehemu liandikwe juu kabisa, pamoja na jina la ukoo wake kama wenyewe wanavyolitamka. Isiwe na sehemu ya kuahidi kunyamaza. Isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, mtu akiona kosa asimame alisahihishe, na nakala iachwe kwa familia.